Waasisi Mia Sita na Wanne wa Kaunti ya Pruett

Jumanne ya pili ya mwezi Mei, Leona Dvoracek aliegesha pikapu yake kando ya barabara kuu, akashusha ndoo, brashi na sabuni ya vyombo, akaanza kukiosha kibao cha historia. Ndege walikuwa wamekichafua majira yote ya baridi. Alianzia juu kushuka chini, kama aoshavyo madirisha ya nyumbani kwake, huku akisoma maneno ambayo angeweza kuyasoma hata akifumba macho.

Kibao kilisema kwamba mwaka 1873 waasisi mia sita na wanne waliandika ombi wapewe kaunti yao hapa kwenye nyika za Nebraska, wakaipa jina la Kapteni Amos Pruett, aliyekufa kishujaa akiwa na miaka thelathini na mitatu. Kabla yao, kilimalizia, hapakuwa na mtu.

Leona alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa kaunti. Kila uchaguzi alirudishwa kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Chama cha historia nacho kilikuwa chake. Wanachama walikuwa watatu, mmoja yuko kwenye nyumba ya wazee na mwingine makaburini, kwa hiyo mikutano haikuchukua muda.

Kwamba kibao kinasema uongo, Pruett nzima ilijua, na ilijua bila kinyongo, kama ukoo unavyojua kwamba babu fulani alikuwa mlevi. Sheria ya wakati ule ilitaka wakazi mia sita ndipo kaunti iundwe. Dalali wa ardhi mmoja, Josiah Crull, alikuwa na yeye mwenyewe, shemeji yake na nyumbu. Akajifungia hotelini siku mbili na chupa mbili, akatunga watu. Kila mmoja alimpa jina, umri, kazi na mahali alipozaliwa, maana fomu ilikuwa na safu nne tu. Wanne wa mwisho walikuwa wa akiba. Kuhusu jina la kaunti, alimbuni kapteni aliyekufa vitani, akijua hakuna mbunge atakayethubutu kumpinga askari marehemu.

Fomu hiyo Leona alikuwa nayo ofisini, ndani ya kabati la chuma. Nyuma yake Crull alikuwa ameandika kwa penseli: kijitoni wako Wapawnee kama mia tatu, wana mashamba ya mahindi, hawahitajiki. Miaka miwili baadaye hao mia tatu, wenyeji wa asili wa nyika zile, walihamishwa kupelekwa kusini. Walowezi wa kweli, akiwemo babu wa marehemu Emil, mumewe Leona, walikuja na plau zao wakakuta kaunti iko tayari, ina jina na mipaka, wakaona si adabu kuuliza maswali.

Sasa kaunti ilikuwa inakufa. Mwezi Machi ilikuja barua kutoka makao makuu ya jimbo: kaunti yoyote itakayokuwa na wakazi chini ya mia sita ifikapo tarehe ya kwanza Julai itamezwa na kaunti jirani. Leona alihesabu Pruett nzima, nyumba kwa nyumba, akapata mia tano hamsini na saba.

Kwake yeye hilo halikuwa jambo la ramani tu. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye barabara ya vumbi yenye urefu wa maili tisa. Kaunti jirani isingepeleka greda la theluji maili tisa kwa ajili ya kikongwe mmoja. Mwanawe Gary, aliyekaa Omaha, alikuwa ameshamwandalia chumba chini ya nyumba, karibu na mashine ya kufulia, na kila Jumapili alimpigia simu kumwambia kimekauka unyevu. Leona hakukitaka chumba hicho. Alitaka kufia katika nyumba ambamo Emil alifia, akitazama mtama wake mwenyewe.

Alipomaliza kuosha kibao hakurudi ofisini. Alikata kulia kuelekea kwenye mabanda ya nguruwe.

Nyuma ya mabanda palikuwa na matrela tisa, yamepangwa upande ambao upepo hupeleka harufu. Ndani yake waliishi wafanyakazi wa mabanda, na kati yao Leona alimjua vizuri mmoja, Eulalia Pascual, aliyetoka milima ya Guatemala. Walijuana kwa sababu ya bakuli. Huko Pruett mgeni hupelekewa chakula katika bakuli la kioo lenye kipande cha plasta chini, na juu ya plasta jina la mwenye bakuli, ili lirudi kwa mwenyewe. Na halirudi tupu. Leona alipeleka tambi na kuku. Wiki ile ile Eulalia alirudisha bakuli limejaa tamale, unga wa mahindi uliochemshwa ndani ya maganda yake, akakaa jikoni kwa Leona mpaka jua likazama. Bakuli lile lilikuwa limekwenda na kurudi kwa miaka minne sasa. Hakukuwa na nyumba nyingine iliyomrudishia Leona kitu chochote tangu msiba wa Emil.

"Eulalia, mwenzangu," alisema Leona akiwa bado mlangoni, "niandikie majina. Ya watu wote wa hapa."

"Ya wote, Doña Leona?" Eulalia, aliyemwita Doña kwa heshima kama Bibi, alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Jina likishaingia kwenye karatasi halina mwenyewe tena. Yeyote anaweza kulisoma, hata watu wa uhamiaji."

"Litakaa kwangu kabatini. Ufunguo ninao mimi."

"Halafu?"

"Halafu mnakuwa watu wa kaunti. Barabara yenu inakuwa ya kaunti. Greda linakuja, na basi la shule linamchukua Juana hapa mlangoni."

Juana alikuwa binti wa Eulalia, mwenye miaka minane. Kila asubuhi alitembea maili mbili hadi pale ambapo basi hugeuzia.

Eulalia akacheka. "Ati tunakuwa watu wa kaunti. Na sasa hivi sisi ni nini? Nguruwe?"

"Nguruwe wamehesabiwa," alisema Leona. "Elfu sita na mia mbili. Ninao kwenye daftari."

Eulalia akafuta mikono kwenye aproni na kutafuta kalamu. Walikuwa arobaini na sita. Leona alijumlisha ndani ya pikapu, mara mbili, kwenye bahasha. Mia tano hamsini na saba na arobaini na sita ni mia sita na watatu. Aliendesha kurudi nyumbani akiimba.

Delbert Koch, mwenyekiti wa halmashauri ya kaunti, mkulima wa soya na mtu mwema, hakuimba.

"Leona, utatutia matatani. Mwenye mabanda akisikia tumewaandika watu wake atatukaanga kwa mafuta yetu wenyewe. Na serikali ikija na maswali yake je?"

"Wapo, Delbert. Nawaona. Wanakula, wanazaa, wana mafua."

"Sijasema hawapo. Nimesema tusubiri kidogo tuone."

Pruett, kusubiri kidogo ni njia ya kusema hapana bila kumwudhi mtu. Leona aliacha majina yale kwenye rejesta, kwa wino, akasubiri.

Alhamisi ya kwanza ya Juni alikwenda kukata majani kwenye kibao, akakuta waasisi wamefika.

Walikuwa wamesimama kwenye nyasi kuanzia kibaoni hadi kwenye uzio wa akina Koch, kwa mistari, kwa mpangilio ule ule wa kwenye fomu. Wote walivaa nguo za rangi moja ya kahawia, kwa kuwa Crull hakuandika chochote kuhusu mavazi. Nyuso walikuwa nazo, ila ukigeuka tu unazisahau. Leona alizima mashine ya majani.

"Habari za asubuhi," alisema.

"Thaddeus Orne," alijibu wa kwanza. "Miaka thelathini na minne. Mkulima. Nimezaliwa Ohio."

"Karibu, Thaddeus. Mmefika lini?"

"Thaddeus Orne. Miaka thelathini na minne. Mkulima. Nimezaliwa Ohio."

Leona akaenda kwa wa pili, kisha wa tatu. Kila mmoja alikuwa na mambo manne, akiyasema kwa sauti safi na kwa heshima, kisha ananyamaza. Kando yao, ameegemea nguzo ya kibao, alisimama mwanamume mwenye upanga.

"Wewe utakuwa Kapteni."

"Nilikufa kishujaa," alisema Kapteni Pruett.

"Najua. Ulifia wapi?"

Kapteni alikitupia kibao jicho la pembeni, kama mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake. Hapakuwa pameandikwa. "Kishujaa," alirudia, akatazama mbali.

Saa sita Delbert alipita na pikapu yake, akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani kama ilivyo desturi, kisha akarudi kinyumenyume na kushusha kioo.

"Hawa ndio wale?"

"Ndio wale."

"Wote?"

"Nimewahesabu mara mbili. Mia sita na wanne. Na Kapteni."

Delbert alitazama mawingu upande wa magharibi. "Basi tuwatafutie pa kulala. Isije ikawanyeshea."

Pa kulala palikuwepo tele. Kaunti ilikuwa na nyumba tupu nyingi kuliko nyumba zenye watu. Kufikia Jumamosi kila kibanda kilichoachwa kilikuwa na mtu ndani, na akina mama wa makanisa yote mawili walizunguka na mabakuli yao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waasisi walipokea mabakuli kwa mikono miwili, wakabaki wamesimama nayo. Kesho yake walikuwa bado wameyashika na chakula kimekauka pembeni. Hakuna aliyelalamika. Watu walisema labda ni desturi ya kwao.

Leona alimchukua mwanamke aitwaye Hester Bligh. Alimkalisha kwenye kiti cha Emil, na hatuna sababu ya kuficha: alifurahi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekula akitazamana na kiti. Jioni ya kwanza alimweleza Hester jinsi Emil alivyokohoa, na jinsi alivyoomba radhi kila alipokohoa. Jioni ya pili alimsimulia habari za binti yao aliyeishi siku nne tu, jambo ambalo hata Gary hakulijua.

"Hester Bligh," alisema Hester alipoona ni zamu yake. "Miaka ishirini na tisa. Mshonaji. Nimezaliwa Indiana."

Leona alimletea sindano, uzi na shati la Emil lililokatika kifungo. Hester aliviweka mapajani. Crull aliandika kuwa ni mshonaji, hakuandika kuwa anashona. Jioni ya tatu Leona alitambua kwamba amesema maneno mengi kuliko ya mwaka mzima, na hakuna sikio lililoyapokea. Upweke ni uvundo, wahenga walisema, na uvundo hauangalii wameketi wangapi mezani.

Halmashauri ilikutana tarehe ishirini na nne Juni, kwenye chumba chenye jiko la kahawa. Delbert alisoma hesabu: wakazi mia tano hamsini na saba, waasisi mia sita na wanne, jumla elfu moja mia moja sitini na mmoja. Sheria ilisema mkazi ni mtu mwenye jina, umri na kazi, asiyeandikwa katika kaunti nyingine. Waasisi walikuwa na vyote, na hakuna kaunti nyingine iliyowahi kuwasikia.

"Kapteni tusimtie," Delbert alisema. "Kibao kinasema amekufa. Tusidanganye."

Wote waliafiki. Walikuwa watu waaminifu.

"Kuna wale wa kwenye matrela," alisema Leona. "Wamo kwenye rejesta yangu. Ukiwaweka hao, hesabu inatosha bila waasisi. Mia sita na watatu. Watu wa kweli watupu."

Mmoja alikoroga kahawa yake isiyo na sukari. Mwingine alitazama saa ya ukutani.

"Lakini hatuwahitaji tena, Leona," Delbert alisema kwa upole kabisa. "Tumeshatosha na kusaza. Wafute kwa mstari. Kwa nini uchokoze nyuki na asali unayo mezani?"

"Niliwaahidi."

"Na mimi nilikwambia tusubiri."

Wakapiga kura. Ikabaki sahihi ya karani, maana bila hiyo orodha isingeweza kutumwa. Leona alishika kalamu. Angegoma, kaunti ingekufa wiki ijayo, na kufikia msimu wa baridi yeye angekuwa amelala karibu na mashine ya kufulia akisikiliza suruali za watu zikizunguka. Alichora mstari juu ya majina arobaini na sita, moja moja, kwa rula, kisha akatia sahihi. Hakuna aliyemshika mkono kumlazimisha.

Kumbukumbu za kikao aliziandika mwenyewe kwa wino mchana ule. Watu wa matrela, aliandika, hawahitajiki. Aliliona neno hilo, lile lile la Crull, likiwa limeshakauka. Akaliacha, kwa sababu kumbukumbu za kikao huandikwa kama kikao kilivyokuwa.

Kisha akachukua karatasi ya majina na kwenda kwenye matrela.

"Umekuja kutuambia greda linakuja lini," alisema Eulalia.

"Haliji."

Eulalia alipunguza moto chini ya sufuria. Juana alikuwa mezani akichora. Mama yake alimwambia aende nje akacheze, akaenda.

"Nyinyi mlitosha," Leona alisema. "Mia sita na watatu. Tungesalimika na nyinyi. Halafu wakaja wale."

"Wale wanaosimama? Juana aliwasalimia mpaka akachoka. Alidhani ni viziwi."

"Walipiga kura. Lakini mstari nimeuchora mimi, Eulalia. Na sahihi ni yangu. Niliogopa nyumba yangu itanipotea."

Eulalia alikoroga sufuria. Maharage yalikuwa yanatokota. "Na karatasi yetu?"

Leona aliitoa. Eulalia aliisoma jina kwa jina, kama anayehakikisha hakuna aliyebaki ndani, akaikunja na kuitia kwenye moto wa jiko.

"Kutuandika ulikuja kutuuliza," alisema. "Kutufuta hukuja. Ungekuja, Doña Leona. Tungesema sawa tu, tumezoea. Lakini ungekuja."

Leona alisimama mlangoni mpaka ikawa aibu kuendelea kusimama, akaondoka.

Mwezi Julai maafisa wa jimbo waliarifu kwamba watakuja kukagua hesabu. Mwenye mabanda hakutaka maafisa wapite karibu na matrela, akayakokota yote tisa usiku mmoja na watu wake ndani, akayapeleka kwenye mabanda yake mengine, jimbo la tatu kutoka hapo. Leona alifika asubuhi akakuta mistatili tisa ya majani ya manjano na kamba ya kuanikia nguo. Ofisini kwa mwenye mabanda walimwambia hawana anwani ya mtu yeyote.

Maafisa walikuja, wakaridhika sana. Walizungukia nyumba zote, na waasisi walijibu neno kwa neno kama ilivyokuwa kwenye fomu. Maafisa walisema hawajawahi kuona wananchi wanaojibu maswali bila kuuliza kwa nini. Kaunti ya Pruett iliachwa ilivyo. Greda lilipita likisawazisha kila barabara yenye mwasisi, hata zile ambazo zilikuwa zimeota miti, na lilipita maili tisa hadi mlangoni kwa Leona, likageuza hapo kwa adabu. Halmashauri ilipendekeza kibao kipakwe rangi upya. Delbert aliuliza kama kuna neno la kubadilisha, wakasoma wote pamoja kwa sauti, wakaona kiko sawa.

Agosti Leona alikuwa ameacha kuongea mezani. Alipika viazi na soseji, akapakua sahani mbili kwa mazoea, akakaa. Mtama ulikuwa umeanza kuwa mwekundu upande wa dirishani. Hester Bligh alikuwa kwenye kiti cha Emil na shati mapajani.

"Hester Bligh," alisema. "Miaka ishirini na tisa. Mshonaji. Nimezaliwa Indiana."

Leona aliweka uma chini. Alikuwa na mengi ya kumwambia mtu. Kwamba leo amekwenda tena pale penye mistatili na majani yameanza kurudi kuwa kijani. Kwamba hajui Juana anasoma wapi, kama anasoma. Alimtazama Hester, akaona hakuna kati ya hayo lenye safu kwenye fomu.

"Leona Dvoracek," alisema. "Miaka sabini na minne. Karani. Nimezaliwa hapa."

Kwa mara ya kwanza tangu afike, Hester Bligh aliinua uso akamtazama machoni, kama mtu ambaye hatimaye ameambiwa jambo linaloeleweka. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasubiri kama kuna la kuongeza. Leona naye alilitafuta, akakosa.